Washington Ilipe Deni la Jua

Agosti 7, 2025, Wakala wa Kulinda Mazingira wa Marekani, EPA, ulitangaza kwamba mpango wa Sola kwa Wote, wa kuzipatia kaya za kipato cha chini umeme wa jua, umefutwa. Dola bilioni 7 zilizokuwa zimeshagawiwa kwa mikataba kwa washindi 60 zikawa hazipo tena. Miongoni mwao kulikuwa na majimbo, mashirika ya umma, mashirika yasiyo ya faida, na mafungu sita, yenye jumla ya zaidi ya dola milioni 500, yaliyotengwa kuhudumia makabila ya Wenyeji wa Asili wa nchi hiyo. Serikali mpya ina haki ya kubadili sera. Haina haki ya kuchana mikataba iliyosainiwa na serikali iliyoitangulia, na gazeti hili linasema bila kuzunguka: iliyochana ilipe.

Kelele za siasa zimelifunika jambo hili hadi limeonekana kama ugomvi wa kawaida kati ya wapenda mazingira na wapenda mafuta. Kiini chake ni cha zamani zaidi ya hapo. Kinahusu nani anaruhusiwa kufaidi fedha ambazo umma wa Marekani huweka kwenye nishati, na nani amekuwa akiambiwa asubiri nje.

Tuanze na kodi, maana siri yote imo humo. Tangu 1978 serikali kuu ya Marekani imekuwa ikiusaidia umeme wa jua kupitia mfumo wa kodi, na sheria ya nishati ya 2005 ikapandisha nafuu hiyo hadi asilimia 30 ya gharama ya mradi. Kampuni iliyojenga mtambo wa dola milioni 1 ilipunguziwa dola 300,000 kwenye kodi yake. Lakini kupunguziwa kodi kunamfaa mwenye kodi ya kupunguzwa. Shule ya umma hailipi kodi ya mapato. Kanisa, msikiti, zahanati ya hisani na ghala la chakula cha maskini navyo havilipi. Serikali ya kabila hailipi kwa sababu ni serikali, nayo Marekani ilikwisha kuitambua hivyo kwa mikataba iliyoanza tangu karne ya 18. Kwa miongo minne, basi, msaada mkubwa kuliko yote wa nishati safi uliwapita wale wale ambao hawakuwa na mtaji wa kujenga bila msaada.

Waliotaka kuupata walilazimika kumwalika tajiri. Benki kubwa yenye kodi nyingi ya kulipa iliingia ubia, ikachukua nafuu ya kodi, ikamiliki sehemu kubwa ya mtambo kwa miaka kadhaa, na shule au kabila likabaki mpangishaji wa ardhi au mnunuzi wa umeme uliotoka juu ya paa lake lenyewe. Wanasheria walilipwa vizuri. Miradi midogo haikupata tajiri kabisa, kwa sababu gharama ya kuandika mikataba ilikula faida yote kabla nondo ya kwanza haijasimikwa.

Mfano wa Wapaiute wa Moapa, jimboni Nevada, unaeleza vizuri kuliko takwimu. Kwa miongo kadhaa waliishi kando ya mtambo wa makaa ya mawe wa Reid Gardner, wakilalamikia majivu yaliyopeperushwa na upepo hadi majumbani mwao. Mtambo huo ulizimwa mwaka 2017. Mwezi Machi mwaka huo huo, kwenye ardhi yao, ukazinduliwa mtambo wa jua wa megawati 250, wa kwanza wa ukubwa huo katika ardhi ya kabila lolote la Marekani. Umeme wake uliuzwa kwa jiji la Los Angeles. Kabila lilipata kodi ya pango na ajira za ujenzi, na hilo lilikuwa jema. Umiliki, pamoja na nafuu ya kodi iliyoufanya mradi uwezekane, ulikuwa wa kampuni. Watu waliovuta moshi kwa niaba ya wengine walipofikia zama za jua walibaki wenye kiwanja.

Agosti 16, 2022, Rais Joe Biden alisaini sheria iliyobadili hilo. Miongoni mwa mamia ya kurasa za Sheria ya Kupunguza Mfumuko wa Bei kilikuwemo kifungu kilichoruhusu malipo ya moja kwa moja: asiyelipa kodi aijaze fomu kama mlipakodi, na Hazina imlipe taslimu kiasi kile ambacho kampuni ingepunguziwa. Majimbo, miji, wilaya za shule, hospitali za umma, serikali za makabila, mashirika ya Wenyeji wa Alaska, vyama vya ushirika wa umeme vijijini, nyumba za ibada na mashirika ya hisani, wote wakaingia. Asilimia 30 ikawa msingi. Mradi uliotumia chuma na vifaa vya Marekani uliongezewa 10. Uliojengwa mahali palipokuwa pakiishi kwa makaa ya mawe au mafuta, 10 nyingine. Na miradi midogo katika ardhi ya makabila au mitaa ya kipato cha chini iliweza kuomba 10 au hata 20 zaidi. Shule ya kijiji kilichofungiwa mgodi iliweza kurudishiwa nusu ya gharama ya paneli zake.

Tunakiita kifungu hicho tendo la haki kubwa kuliko yote katika historia ya fedha za nishati za nchi hiyo. Hakikumpendelea yeyote. Kiliwapa wasiolipa kodi kile kile ambacho walipakodi wakubwa walikuwa wamekizoea. Na kipo hadi leo: sheria kubwa ya Julai 2025 iliyofyeka mengi haikukifuta.

Mbona basi tunalalamika? Kwa sababu malipo hayo hutoka baada ya kazi kuisha. Mtambo ujengwe, uwashwe, mwaka wa fedha umalizike, fomu iwasilishwe, ndipo hundi ije. Katikati hapo yupo mtu anayepaswa kuwalipa mafundi na kununua betri. Jiji lenye jina zuri sokoni hukopa bila shida. Kabila haliwezi kwa wepesi huo, kwani sehemu kubwa ya ardhi yake inashikiliwa kwa amana na serikali kuu, na ardhi ya amana haiwekwi rehani kama kiwanja cha mjini. Benki ikikosa cha kushika, inafunga daftari. Shirika dogo la hisani lenye akiba ya miezi mitatu ya mishahara nalo halina la kumwonyesha mkopeshaji.

Sheria ya 2022 ililijua pengo hilo. Ndiyo maana ilianzisha mfuko wa dola bilioni 27 wa kupunguza gesi joto, ambao Sola kwa Wote ilikuwa tawi lake, na ikapandisha ukomo wa dhamana za mikopo ya nishati kwa makabila kutoka dola bilioni 2 hadi bilioni 20. Mkono mmoja ungetoa mtaji wa kuanzia. Mwingine ungerudisha sehemu ya gharama mwishoni. Mwaka 2025 Washington ilikata mkono wa kwanza na kuuacha wa pili uning'inie. Haki imebaki kwenye karatasi, mtaji umeondoka.

Hapa lazima tuseme na upande wa pili, kwa ukali ule ule. Serikali ya Biden ilipewa fedha hizi Agosti 2022. Washindi wa Sola kwa Wote walitangazwa Aprili 22, 2024. Mikataba ilikamilika katikati ya mwaka huo, na mwaka wa kwanza wa mikataba ulitengwa kwa ajili ya mipango. Donald Trump alipoapishwa Januari 20, 2025 na siku hiyo hiyo kuamuru malipo yasimamishwe, paneli zilizokwisha kufungwa kwa fedha hizo zilikuwa chache mno. Miezi 20 ya kutunga miongozo, kukusanya maoni na kupanga madaraja ya alama ilikuwa anasa ambayo maskini hawakuwa na uwezo wa kuigharamia. Kila ofisa aliyeshiriki ucheleweshaji huo alijua kwamba uchaguzi ungefanyika Novemba 2024. Tena, dola bilioni 20 za mfuko huo ziliwekwa Citibank kwa ajili ya makundi manane tu, na utaratibu huo wa kipekee ukawapa wapinzani silaha waliyokuwa wakiitafuta.

Waliitumia. Mkuu mpya wa EPA, Lee Zeldin, aliwatuhumu waliopewa fedha hizo kwa ubadhirifu na udanganyifu, akaunti zikazuiwa Februari 2025, na Machi ruzuku zikafutwa. Jaji Tanya Chutkan wa mahakama ya shirikisho jijini Washington aliutaka wakala ulete ushahidi, akaona madai ya jumla jumla yasiyothibitishwa. Kesi hizo zimepanda hadi rufaa, na wanasheria wataendelea kubishana kuhusu mahakama ipi ina mamlaka ya kuzisikiliza. Sisi tunauliza swali jepesi kuliko yote: kama kulikuwa na mwizi, yako wapi mashtaka yake? Mtu hafutiwi mkataba kwa tuhuma ambayo mtuhumu mwenyewe hajaifikisha mbele ya hakimu.

Kwa Sola kwa Wote hoja ilibadilika. Zeldin alisema Bunge, kwa sheria ya Julai 4, 2025, lilikuwa limeondoa msingi wa kisheria wa mpango, hivyo wakala hauna tena mamlaka ya kuuendesha. Hoja hiyo tumeipima na tumeiona haina miguu. Sheria hiyo ilifuta kifungu kilichoanzisha mfuko na kurejesha kwa Hazina masalia ambayo hayajafungwa kwa mikataba. Fedha za Sola kwa Wote zilikuwa zimefungwa kwa mikataba tangu mwaka uliotangulia. Na Ofisi ya Bajeti ya Bunge, ambayo kazi yake ni kuhesabu kila senti, ilikadiria kwamba kufutwa huko kungeiokolea serikali dola milioni 19. Milioni, siyo bilioni. Kama wabunge walikuwa wanapiga kura kurudisha bilioni 7, wahasibu wao wenyewe hawakuambiwa. Zaidi ya majimbo 20 yalikwenda mahakamani Oktoba 2025 kudai hilo hilo, na kwa maoni yetu yana haki.

Twende sasa kwa wanaolipa gharama ya maamuzi haya.

Taifa la Wanavajo lina ardhi ya takriban kilomita za mraba 70,000 katika Arizona, New Mexico na Utah. Kuanzia miaka ya 1970 hadi Novemba 2019, karibu na mji wa Page, ndani ya ardhi hiyo, ulisimama mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 2,250, mmoja wa mikubwa kabisa magharibi mwa Marekani. Makaa yake yalichimbwa Black Mesa, katika ardhi ya Wanavajo na Wahopi. Umeme wake ulisukuma maji ya mto Colorado kupanda milima hadi Phoenix na Tucson. Miji hiyo ikamea jangwani, ikajenga mabwawa ya kuogelea na kuweka viyoyozi kila chumba. Nyaya za msongo mkubwa zilipita juu ya nyumba zisizokuwa na hata balbu moja.

Hata baada ya mtambo kufungwa na mabomba yake ya moshi kuangushwa Desemba 2020, zaidi ya kaya 10,000 za Wanavajo zimeendelea kuishi bila umeme. Ripoti ya Idara ya Nishati ya mwaka 2000 ilikuta asilimia 14.2 ya kaya katika ardhi za makabila hazina umeme, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 1.4. Mara kumi, katika nchi iliyofika mwezini. Wagonjwa wa kisukari hutunza insulini kwenye maboksi ya barafu, na barafu yenyewe hufuatwa kwa gari mbali. Watoto hufanya kazi za shule kwa taa ya mafuta au kwa mwanga wa simu iliyochajiwa kwenye gari. Jenereta hula mshahara. Majiko ya kuni na makaa hujaza moshi vyumbani wakati wa baridi ya nyanda za juu, ambako theluji huanguka.

Kwa nini nyaya hazijafika? Kwa sababu nyumba zimetawanyika mno. Kuunganisha nyumba moja hugharimu wastani wa takriban dola 40,000, na kaya inayohitaji kuunganishwa ni ile isiyoweza kulipa hata sehemu ndogo yake. Shirika la huduma la Wanavajo, lililoanzishwa 1959, limekuwa likifunga seti za paneli na betri kwenye nyumba za mbali ambako nguzo hazina hesabu ya maana. Tangu 2019 mafundi wa mashirika ya umeme ya umma kutoka majimbo mengine wamekuwa wakija kwa wiki kadhaa kusimika nguzo na kuvuta nyaya pamoja na mafundi wenyeji. Kazi yao ni ya heshima kubwa, nasi tunawavulia kofia. Lakini taifa tajiri kuliko yote duniani halipaswi kutegemea mafundi wa kuazima kuwapelekea raia wake taa.

Hali hii ina historia inayouma. Katika miaka ya 1930, mashamba tisa kati ya kumi ya Marekani hayakuwa na umeme, na makampuni yalisema kupeleka nyaya vijijini hakulipi. Serikali ya Franklin Roosevelt haikuwaambia wakulima wasubiri soko. Sheria ya 1936 iliwakopesha kwa riba ndogo, wakaunda vyama vya ushirika, wakavuta nyaya wenyewe, na ndani ya miaka 20 hivi karibu kila shamba lilikuwa na taa. Vyama hivyo vingalipo, na vingi vyao viko katika majimbo yanayompigia kura Trump. Hakuna mbunge wa huko anayethubutu kusimama na kusema mikopo ile ilikuwa upotevu. Makabila mengi yaliachwa nje ya wimbi lile. Walichoahidiwa 2022 kilikuwa ni kupewa, baada ya karibu miaka 90, kile ambacho mkulima mzungu wa Georgia au Iowa alikipata zama za babu yake.

Wala asije mtu akadhani watu hawa wamekaa wakingoja sadaka. Kijiji cha Hotevilla cha Wahopi kiliukataa umeme wa nyaya kwa misingi ya imani na uhuru wake, na tangu miaka ya 1980 Wahopi wamekuwa wakijifungia paneli za jua kupitia shirika lao, zamani sana kabla sola haijawa biashara. Kaskazini mwa California, kabila dogo la Blue Lake Rancheria lilijenga gridi ndogo ya jua na betri iliyoanza kazi 2017. Oktoba 2019, kampuni ya umeme ya eneo hilo ilipozima gridi kwa kuhofia moto wa msitu, gridi ya kabila iliendelea kuwaka. Hoteli yake ikawapokea wagonjwa waliotegemea mashine za kupumulia. Kituo chake cha mafuta kikahudumia magari ya dharura. Wakazi wa wilaya nzima, wasio wa kabila, wakaja kununua chakula na kuchaji simu. Maofisa wa afya walisema maisha ya wagonjwa kadhaa yaliokolewa. Jamii yenye watu wachache, ambao mababu zao walifukuzwa kwenye ardhi ile ile, iliwahifadhi majirani zake usiku wa giza. Serikali inayosema inataka umeme wa uhakika ingepaswa kujenga gridi za namna hiyo mamia, badala ya kuwafutia mtaji wanaotaka kuzijenga.

Lipo na suala la muda, nalo halizungumzwi vya kutosha. Sheria ya Julai 2025 inasema mradi wa jua au upepo usioanza kujengwa kufikia Julai 4, 2026 lazima uwe umewashwa kabla ya mwisho wa 2027, la sivyo nafuu haipo, wala malipo ya moja kwa moja hayapo. Kampuni yenye wanasheria kumi inaweza kukimbizana na tarehe hiyo. Halmashauri ya shule haiwezi: lazima ipitishe bajeti, itangaze zabuni, isubiri siku za kisheria, ifungue bahasha mbele ya watu, ijibu rufaa za walioshindwa. Taratibu hizo ziliwekwa kuzuia rushwa na ni njema. Kabila lina hayo yote, na juu yake linahitaji idhini ya Ofisi ya Mambo ya Wenyeji kwa mikataba mingi ya ardhi, ofisi ambayo ni ya serikali hiyo hiyo inayoshika saa. Anayeshika saa ndiye anayechelewesha kibali. Huo ni uonevu, na hakuna tafsiri nyingine.

Hazina nayo iliongeza kamba. Miongozo yake ya Agosti 15, 2025 iliondoa njia ya zamani ya kuthibitisha kuanza kwa ujenzi kwa kutumia asilimia 5 ya gharama, ikaibakiza kwa miradi ya jua isiyozidi megawati 1.5 pekee. Mradi wa zaidi ya megawati 1 ulioanza baada ya 2025 bila kukidhi masharti ya bidhaa za Marekani haulipwi chochote moja kwa moja, isipokuwa uingie kwenye misamaha michache. Kuna pia masharti mapya dhidi ya vifaa vyenye mkono wa China, ambayo yanamtaka mnunuzi afuatilie asili ya vipuri ambayo hata wauzaji hawaijui vizuri. Kila sharti, likichukuliwa peke yake, lina mtetezi wake na sababu yake. Yakikusanywa juu ya ofisi yenye mhasibu mmoja, yanakuwa ukuta.

Watetezi wa ufutaji husema fedha za umma zisitumike kupendelea aina moja ya nishati. Tungewaheshimu kama wangelishika neno hilo. Sheria ile ile ya Julai 2025 ilishusha mrabaha wa makaa ya mawe yanayochimbwa katika ardhi ya umma kutoka asilimia 12.5 hadi 7, na ikawapa wachimbaji wa makaa ya kuyeyushia chuma nafuu mpya ya kodi. Kwa hiyo upendeleo upo, umehamishwa tu. Wengine husema deni la taifa limezidi. Limezidi kweli, lakini halikuletwa na paneli za bibi wa Kinavajo, na halitapungua kwa kumnyima.

Msomaji wa Afrika Mashariki anayafahamu machungu haya. Mwaka 2013 Rais Barack Obama alitangaza mpango wa Power Africa, Tanzania na Kenya zikiwa miongoni mwa nchi sita za mwanzo, na akaahidi kuongeza maradufu upatikanaji wa umeme kusini mwa Sahara. Mwaka 2025 mpango huo ulivunjwa pamoja na USAID, na miradi iliyokuwa nusu njia ikaachwa kwenye mataa. Kuna tofauti moja ambayo inafanya kosa la nyumbani kwao kuwa zito zaidi. Kwetu ulikuwa msaada, na wa kusaidiwa hana sahihi ya kupeleka mahakamani. Kwa makabila, serikali ya Marekani ina wajibu wa kisheria wa amana, uliotokana na mikataba ya kuchukua ardhi yao. Bara zima lilitolewa kama malipo ya awali. Wanaodai umeme leo wanadai sehemu ndogo sana ya bei.

Kwa hiyo tunataka haya yafanyike. EPA irudishe fedha za Sola kwa Wote kwa kila mwenye mkataba, ikianza na mafungu sita ya makabila, bila kuwasubirisha hadi mahakama ya mwisho kabisa. Na kama wakala hautaki kuzisimamia, zipitishiwe Idara ya Nishati, ambayo tayari ina ofisi ya nishati ya makabila. Bunge, ambalo ndilo lenye kauli juu ya fedha, liandike kwa maneno yasiyopindishika kwamba mkataba wa ruzuku uliosainiwa haufutwi kwa sababu ikulu imebadili mpangaji. Lisogeze mbele tarehe za kuanza na kukamilisha ujenzi kwa vyombo vya umma, makabila na mashirika yasiyo ya faida, kwa muda usiopungua ule ambao serikali yenyewe huuchukua kutoa vibali. Dhamana za mikopo kwa makabila zianze kutoka kwa kasi: ukomo wa dola bilioni 20 hauna faida ikiwa tangu mpango uasisiwe 2005 hadi 2024 ndipo ilipofikiwa dhamana ya kwanza, ya dola milioni 72.8, kwa ajili ya gridi ya jua na betri ya kabila la Viejas huko California. Dhamana moja ndani ya miaka 19 ni aibu ya vyama vyote viwili.

Chama cha Democratic nacho, kikirudi madarakani, kisije na mfuko mwingine wa mafungu ya kushindaniwa kwa maandiko ya kurasa mia. Kiwape makabila fedha zao kwa mgao wa moja kwa moja, serikali kwa serikali, na kiziweke mahali ambapo hazitegemei nani ameshinda uchaguzi jimboni Pennsylvania.

Na kwa walio na miradi iliyokwisha kujengwa, hasa shule, nyumba za ibada na serikali ndogo za makabila ambazo zimesikia habari za kufutwa na kudhani kila kitu kimekufa: malipo ya moja kwa moja yako hai. Jisajilini mapema kwenye tovuti ya Mamlaka ya Mapato ya Marekani, kila mradi upate namba yake ya usajili, kisha mjaze fomu 990-T kufikia siku ya 15 ya mwezi wa tano baada ya mwaka wenu wa fedha kuisha. Mkihitaji muda, ipo nyongeza ya miezi sita. Bila namba hiyo hakuna dai linalopokelewa. Mamlaka hiyo ilipunguza maelfu ya wafanyakazi mwaka 2025. Ihakikishe dawati linalotoa namba hizo lina watu wa kutosha, na majibu yatoke kabla tarehe za fomu hazijapita.